Siku Simeon Aliyotakiwa Kunyamaza

Zamani mtu alitoka sinema mjini Thika akabishana na nusu ya mji mpaka mlangoni kwake. Siku hizi anatazama muvi peke yake kitandani, waya za simu masikioni, na ikiisha anageukia ukuta na kulala bila kumwambia mtu yeyote neno.

Hivyo ndivyo Mugo alivyouona ulimwengu, na hakuna aliyeweza kumbandua hapo. Yeye na Simeon Muriithi walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kiwanda cha matunda, Mugo stoo, Simeon kwenye boila, na kila Jumamosi walioga, wakavaa mashati ya kola, wakaenda kuona picha. Lile jumba la sinema sasa limegawanywa. Chini wanauza nywele za kubandika, juu kuna kanisa, na pale palipokuwa pa kukatia tiketi kuna kijana anayetengeneza simu. Mugo akipita hapo huangalia upande mwingine wa barabara. Simeon yeye aliingia. Aliwasalimia wauza nywele, akawaonyesha kiti chake kilikuwa wapi, na siku moja akawaigizia mapigano yote ya picha moja ya Kichina katikati ya vile vichwa vya plastiki, mpaka kimoja kikaanguka na kubingirika hadi barabarani na wigi lake.

"Huoni haya?" Mugo alimuuliza.

"Haya ya nini? Adui alianguka."

Simeon alikuwa akiishi Kimbo, upande wa Ruiru, nyuma ya ploti yake mwenyewe, kwenye vyumba viwili alivyojibakizia baada ya kupangisha vile vya mbele. Mkewe alikuwa amefariki zamani na watoto wametawanyika. Chumba kimoja kilikuwa na kitanda. Kingine kilikuwa na runinga iliyokishinda kitanda kwa ukubwa. Karibu kila asubuhi alishuka hadi stejini, kwa Mwas, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu muvi kwenye flashi, akasimama mlangoni na kuuliza swali lake moja: "Leo tunaenda nchi gani?" Kwake filamu haikuwa na jina, ilikuwa na nchi. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Namanga alikuwa ameshazunguka dunia, na alirudi kutoka kila safari akiwa na hasira au furaha, na mara nyingi vyote viwili.

Hukumu ya kila safari ilitolewa alasiri, kwenye kibanda cha chai cha Nakhumicha, na Mugo ndiye aliyekuwa mahakama nzima.

"Wahindi nimegombana nao," Simeon alianza siku moja kabla hata hajaketi. "Kijana anaanguka kutoka daraja la treni. Tunamlilia, tunamfanyia matanga. Nusu saa baadaye anarudi na masharubu, na mama yake mzazi hamjui! Anamwekea chai kama afisa wa sensa! Nakhumicha, wewe ni mama. Mwanao akiota masharubu utamsahau?"

"Wangu yuko nayo tayari," Nakhumicha alisema akigeuza chapati. "Akija hapa namjua kwa vile anakula."

"Umeona! Lakini nyimbo zao, Mugo, nyimbo! Walipoanza kuimba kwenye lile shamba la maua ya manjano, nilisimama. Nilisimama peke yangu nyumbani, na goti hili."

"Picha zilikuwa zile za zamani," Mugo alisema. "Mtu alikuwa na farasi na neno lake."

"Na farasi ndiye aliyekuwa akiigiza vizuri."

Juma lililofuata walikuwa Wakorea. Wakorea, kwa maneno ya Simeon, walikuwa wamemmaliza. Watu wanajua kula! Mtu amefiwa, anakula. Amefutwa kazi, anakula. Wanazivuta zile tambi zao kwa mlio mpaka mtazamaji anaona aibu kuwa na njaa mbele yao. Simeon alikuwa amesimamisha muvi katikati akakimbia kununua githeri, na githeri haikumsaidia. Hadithi yenyewe ilikuwa ya muuaji. Simeon hakumkumbuka huyo muuaji. Alikumbuka supu.

Siku Wafaransa walipofika Kimbo, nusura pawe na vita. Ilikuwa filamu ya mume na mke jikoni. Wanamenya viazi. Hawasemi. Mbwa anatoka, mbwa anarudi. Mke anavaa koti, anashika kitasa cha mlango, anasimama. Giza. Majina ya watu yanaanza kupanda. Simeon alichomoa flashi na kwenda nayo kwa Mwas akiwa na ndala za bafuni.

"Mwas, umenikatia muvi."

"Zii, guka, iko yote," Mwas alikataa, kwa heshima ya kumwita babu.

"Yote iko wapi na mama bado amesimama mlangoni? Alitoka ama hakutoka?"

"Hapo ndio mwisho. Ni ile ya kujijazia mwenyewe."

"Nikijijazia mwenyewe, wewe nakulipa ya nini? Nipe sehemu ya pili."

"Hakuna sehemu ya pili, guka. Hao wasee huachanga watu tu hivyo."

"Mama wa watu ameachwa na koti mlangoni, kwa baridi ile ya kwao, na wewe umekaa hapa unakula mahindi choma!"

Kwa siku kadhaa aliwaza jambo hilo tu. Mwishowe akatangaza kibandani, kwa sauti ya hakimu, kwamba amefikia uamuzi. "Hakutoka. Viazi vilikuwa bado havijaiva. Hakuna mwanamke anayeacha sufuria motoni."

"Alitoka," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Syokau, mjane wa Kikamba aliyekuwa akikaa Witeithie na kuzunguka mitaani akiuza mapazia, amejitwika bunda begani, amesimama kunywa chai. "Mwanamke akishavaa koti, ametoka. Na viazi si alikuwa akimenya na mzee? Basi mzee ajue vinavyoiva."

Simeon aligeuka polepole. Mugo alimjua rafiki yake tangu walipokuwa vijana na hakuwa amewahi kuuona uso huo, isipokuwa gizani, taa za sinema zilipozimwa na picha ikaanza.

"Uliiona?" Simeon aliuliza.

"Niliiona mara mbili. Mara ya pili nilimwangalia mbwa."

"Mbwa ana nini?"

"Mbwa alijua."

Tangu hapo Syokau alipita Kimbo kila Jumatano na Jumamosi mchana, akaweka bunda lake kando ya runinga, na wakasafiri pamoja. Mlango uliachwa wazi ili wapangaji wasipate la kusema. Mugo naye aliketi kwenye kigoda karibu na mlango. Alidai yuko pale kulinda heshima ya rafiki yake. Ukweli ni kwamba hakuwa amesikia watu wakibishana hivyo tangu jumba la Thika lilipofungwa, na alikuwa na kiu.

Syokau aliwapenda Waturuki. Simeon alisema Waturuki hawana kazi, wanaangaliana mpaka chai inapoa, mtu anasema "habari" na inachukua jioni nzima kujibiwa. Syokau akasema mwanamume anayejua kuangalia ni nusu ya nyumba. Simeon aliwapenda Wachina wanaopaa juu ya mianzi. Syokau akauliza, kama wanaweza kupaa, mbona wanapanda ngazi wakienda kulala? Walitazama filamu ya Norway ambayo ndani yake hapakuwa na kitu ila theluji na mtu mmoja, na walipomaliza Simeon alitoka nje kuota jua ukutani huku Syokau akimcheka hadi akashika mbavu. Walitupiana maneno kama wapiga debe. Walinyimana sukari kwa sababu ya mtu aliyekufa Brazili ambaye hakuwahi kuwako. Halafu Syokau aliinua bunda lake na kusema, "Haya, Jumamosi tuonane, na uache ujinga," na Simeon alirudi kukaa na kuichekea runinga iliyozimwa.

Basi mwanawe akaja kumchukua.

Muoki, kijana wa Syokau, alikuwa na shamba na nyumba nzuri Ngoliba, mashariki ya Thika. Mkewe Janice alikuwa akifundisha, watoto walikuwa wadogo, na Muoki aliona imetosha mama yake kubeba mapazia kwenye jua. Alisema atamhamisha mwisho wa mwezi. Hakukuwa na ubaya wowote katika jambo hilo, na hapo ndipo lilipouma. Simeon hakuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo akaamua kumwambia Syokau asiende. Lakini alikuwa amejifunza mambo ya mapenzi kwa wageni, akatumia mbinu zao.

Alianza na Wakorea. Kwao mtu humfunika mwanamke kwa mwavuli, yeye mwenyewe akalowa bega, na mwanamke huelewa kila kitu. Simeon alingoja mvua ya Ruiru mpaka ikaja, akamsindikiza Syokau hadi barabarani akiwa amemwinulia mwavuli wote.

"Simeon," Syokau alisema, "mwavuli huu unatosha harusi. Unatota kwa nini? Ingia."

Akaingia. Mbinu ikaharibika, na alikohoa hata hivyo.

Kisha akajaribu Waturuki. Jumamosi nzima alimkazia macho bila kupepesa. Syokau alivumilia mpaka chai ya pili. "Kanisani kwetu wiki ijayo wanapima macho bure," alisema. "Jiandikishe mapema, foleni huwa ndefu."

Mugo kwenye kigoda chake aliiangalia dari. Hakuweza kucheka na hakuweza kutoka.

Ni Syokau mwenyewe aliyechoka. Aliizima runinga, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kulifanya katika nyumba ile, akasimama mbele yake. "Unataka nini, Simeon?"

"Nataka usiende."

"Basi usiniambie mimi. Nenda uwaambie watu wangu. Na uende kama mtu anavyoenda. Wakikubali, mimi ni wako. Wakikataa, nitaenda kulea wajukuu na sitakusumbua. Lakini kuiba mama ya watu kwa mwavuli, hapana. Mimi si sinema."

Mugo alitamani kumpigia makofi. Kumbe bado yuko mtu anayejua mambo yalivyokuwa! Alijitwika kazi hiyo yote. Aliwauliza Wakamba aliofanya nao kazi kiwandani, akaambiwa kwamba kwao mwanamke si mke wa mtu mpaka wale mbuzi wanaoitwa ntheo wafike kwao. Akapiga simu Ngoliba na kupata mtu wa kuzungumza naye, Mzee Mbaluka, mdogo wa marehemu mume wa Syokau. Sauti ya Mbaluka ilikuwa nzito na kavu, na Mugo aliipenda mara moja.

"Mje Jumamosi," Mbaluka alisema. "Lakini mimi nafuata sheria ya wazee. Anayetafuta mke hafungui mdomo. Anakaa, anasemewa. Akisema neno moja, hiyo siku imekufa. Na siku nyingine hakuna. Jumatatu mama anahamia huku, na nikishamfungia lango simfungulii mtu."

Mugo alimpelekea Simeon habari hizo kibandani. Nakhumicha aliacha unga.

"Huyu?" alisema. "Anyamaze? Mchana mzima?"

"Naweza," Simeon alisema.

"Hebu anza sasa."

Simeon alinyamaza. Redio ya kibanda ilikuwa ikisoma habari za soka. Nakhumicha hakuwa amemaliza kufuta sinia moja wakati Simeon alipopiga meza. "Huyo golikipa ni muongo!"

Jumamosi walipanda pikapu ya kukodi, mbuzi nyuma, Mugo na mkewe Beth mbele pamoja na Simeon. Mugo alimwagiza Simeon ashike leso mkononi na neno likimjia ailete mdomoni. Beth alimwagiza aende haja kabla. Wote walimwagiza.

Nyumbani kwa Muoki palikuwa pamepambwa vizuri, na sebuleni runinga ilikuwa ikiwaka. Mugo aliiona na damu ikamchemka. Siku hizi runinga haizimwi hata watu wakiomba, inawaka kwenye matanga, inawaka kwenye posa, na mwenye nyumba anasema tu, "Nimepunguza sauti." Wajukuu walikuwa wamechomeka flashi ya nyanya yao, ile iliyokuwa imejazwa na Mwas, na hakuna aliyejali kuichomoa. Simeon aliketishwa katikati ya kochi, akiitazama ana kwa ana.

Syokau hakuonekana. Alikuwa jikoni na wanawake, nyuma ya pazia, kama ilivyotakiwa.

Mugo alisimama, akakohoa, akaanza kama alivyomsikia baba yake akianza. "Wazee wangu, tulikuwa tunapita tu. Tukaona moshi mzuri unapanda kutoka boma hili. Tukasema, hebu tuulize ni kuni za aina gani."

"Kuni zetu ni nyingi," Mbaluka alijibu bila kutabasamu. "Mnauliza za jiko lipi?"

Moyo wa Mugo uliruka kama wa kijana. Walijibizana hivyo raundi kadhaa, kuni na moshi, moshi na upepo, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kujionyesha, na Mugo akasahau uchungu wake wote wa dunia. Simeon alikaa kama sanamu. Chai ililetwa, akaipokea kwa kuinamisha kichwa. Nduma zililetwa. Muoki alimtazama kwa heshima. Ilibaki kidogo sana.

Lakini chai ikiendelea kunywewa, Mbaluka alipumzika, na kupumzika kwake kulikuwa ni kuitazama runinga.

Ilikuwa filamu ya Wajapani, iliyowekewa sauti ya yule dijei wa Kiswahili ambaye humpa kila mtu jina la kwetu. Mzee mlinzi wa stesheni ya milimani, ambaye dijei alimwita Babu Njoroge, alikuwa ameachwa na mkewe miaka mingi. Kila jioni anaweka mabakuli mawili mezani. Siku moja theluji inaanguka, mlango unabishwa, ni yeye, amerudi. Mzee anasimama, lakini hafungui. Anaingia chumbani. Mke anangoja nje, theluji inamjaa mabegani.

"Huyo ndiye mwanamume," Mbaluka alisema akielekeza kipande cha nduma kwenye kioo. "Mke anapotea miaka yote, anarudi anabisha kama mpangaji? Akae nje. Ajue."

Leso ya Simeon ilipanda mdomoni.

"Hafungui," Mbaluka aliendelea kwa kuridhika. "Anamlipa."

Simeon aliiuma leso. Mshipa ulimtoka kwenye paji la uso. Beth alimkanyaga kiatu. Mugo alijaribu kurudi kwenye moshi, "Sasa, wazee wangu, tukirudia ule moshi," lakini hakuna aliyemsikiliza, kwa maana Muoki naye aliguna na kusema, "Kweli, huyo amechukia."

"Hajachukia!" Simeon alilipuka. Leso iliruka mpaka kwenye sinia. "Hajachukia hata kidogo! Mzee Mbaluka, huyo mtu anatafuta kitana!"

Mugo alifumba macho. Aliiona Jumatatu, aliliona lango likifungwa, alikiona kigoda chake mbele ya nyumba yenye runinga iliyozimwa.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia la jikoni.

"Kitana cha nini, Simeon, na huyo mzee ana upara?"

"Ana upara juu! Pembeni ziko!"

"Pembeni iko wapi? Nilikuambia Kimbo na nakuambia hapa, hiyo ni kivuli ya kofia!"

"Syokau, mtu anakaa miaka na mabakuli mawili, mke anabisha, si lazima ajichane? Atatoka hivyo?"

"Anaogopa!" Pazia lilifunguka na Syokau akatokea, mwiko mkononi, akiwa amesahau kwamba hakutakiwa kuonekana. "Amemngoja mpaka kungoja kumekuwa kazi yake. Sasa amekuja, na hajui atamwambia nini. Anaogopa, bwana. Kitana!"

"Basi si afungue tu amwambie anaogopa!"

"Wewe ulifungua? Si ulikuja na mwavuli?"

Mtu fulani jikoni alicheka, au labda walikuwa wote. Janice alitoka akiwa amejifunika uso kwa leso ya kichwa. Mbaluka hakucheka. Alinyoosha mkono. "Muoki. Hiyo kitu inaweza kurudishwa nyuma?"

"Inaweza, baba mdogo."

"Rudisha. Tuone kama nywele ziko."

Wazee waliinuka. Mbaluka alivaa miwani, Mugo akavaa yake, na vichwa vikakutana mbele ya kioo kama vya madaktari. Muoki alisimamisha picha pale mzee anapogeuka kuingia chumbani. Walitazama. Beth alisema haoni kitu. Janice alisema anaona. Mbaluka alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakifunika ukungu, akakipangusa kwa mkono wa koti, akatazama tena.

"Ziko," alitamka. "Chache. Juu ya sikio."

Simeon aliruka. Akaruka kweli, na goti lile, akamkumbatia Muoki aliyekuwa karibu naye.

"Lakini mama Muoki ana haki pia," Mbaluka aliongeza. "Mtu anaweza kujichana kwa sababu anaogopa. Kaeni chini."

Walikaa. Simeon ndipo akakumbuka alichofanya, na uso ukamshuka.

"Mdomo umefunguliwa," Mbaluka alisema. "Sheria nilisema mimi. Neno moja, siku imekufa. Huyu amesema maneno gunia zima." Alinyamaza kwa muda ambao Mturuki angeuonea wivu. "Lakini sheria hiyo ni ya mtu anayekuja kutafuta mke. Hawa hawatafutani. Hawa wameoana zamani, ila walisahau kutualika. Kwa kutotualika, wataleta mbuzi mmoja zaidi. Aitwe mbuzi wa mdomo."

Jikoni wakapiga vigelegele. Syokau alikuwa bado ameshika mwiko, na sasa hakujua aufiche wapi.

Muoki pekee hakuwa amemaliza. "Mwaitu," alimwambia mama yake, na neno hilo la Kikamba lilitoka kama la mtoto. "Na watoto?"

"Watoto nakuja kulea. Nilisema." Syokau alimtazama Simeon. "Huyu atakuja pia. Runinga yake ni kubwa kuliko yenu."

Mugo alifikiri amesikia vibaya. Mwanamume aende kwa mwanamke? Baada ya moshi wote ule, kuni zote zile, ikawa ni Simeon aliyeolewa? Alimgeukia rafiki yake ili amwone akikataa. Simeon alikuwa akiichekea runinga.

"Huku wana stima muda wote?" aliuliza.

Simeon alihama mwezi uliofuata. Mugo alimsaidia kufunga vitu, akimkemea kwa kila fundo, kwamba ameuza utu uzima wake, kwamba wazee wao wangeona wangelia. Simeon alimsikiliza, akamkabidhi kigoda, akasema, "Njoo Jumamosi." Mugo alisema atakuja. Lakini ikawa mara magoti, mara mvua, mara nauli, kisha kununa tu, na Jumamosi zikapita.

Aliwaona mara moja tu tena. Alikuwa Witeithie, ametoka kuchukua dawa, amesimama chini akingoja magari yapungue ingawa daraja la watembea kwa miguu lilikuwa juu yake, hakuwahi kuliamini. Alipoinua macho, walikuwa kule juu, katikati kabisa, na boksi la runinga mpya limewekwa chini kati yao. Walikuwa wamesimama kubishana. Watu waliopita iliwabidi wajigawe, wengine huku, wengine kule, na hakuna aliyelalamika, kwa maana mzee alikuwa akiigiza mtu anayeanguka kutoka mahali parefu, polepole, mikono imetanuka, na mama alikuwa ameshika chuma cha daraja akitikisa kichwa kukataa na kucheka kwa wakati mmoja. Mugo aliita. Malori yalilimeza jina. Aliita tena, akajaribu kusoma midomo yao ajue angalau ni nchi gani. Hakujua. Walilinyanyua boksi, kila mmoja upande wake, likawa limeinama kwa sababu Syokau alikuwa mfupi, wakaendelea kubishana juu yake, wakashuka ngazi za ng'ambo, kwanza miguu ikapotea, kisha boksi, kisha ule mkono wa Simeon uliokuwa bado hewani ukieleza jambo.